Hatua ya Tatu Niliyoificha

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kwa mpangilio wake wote: nani alisimama wapi, nani alianza kucheka, na ni mkono wangu upi uliogonga turubai. Ilikuwa jioni, nyuma ya karakana ya seremala katika mtaa wa Ngezi hapa Bunia, mahali tulipofanyia mazoezi ya jiu-jitsu ya Kibrazili. Hatukuwa na magodoro ya mchezo. Tulimwaga maranda ya mbao, tukayasawazisha kwa reki, tukatandika turubai juu na kulikaza kwa misumari pembeni. Ukianguka vibaya, saruji iliyokuwa chini ilijitambulisha kwa mifupa yako.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na sita kati ya hiyo nilikuwa nimeitumia katika mchezo huo. Kila nilichokijua nilikuwa nimekiandika. Mzee Zakaria, mwenye klabu, alikuwa mtu wa judo, aliyejifunza Kisangani ujanani mwake. Mengine yote tuliyapata katika kitabu kimoja cha Kiingereza kilichonakiliwa na kunakiliwa tena mpaka watu katika picha wakawa vivuli. Kiingereza nilijifunza peke yangu kwa kamusi, maneno kumi kwa siku. Basi mimi ndiye niliyesoma, nikatafsiri, nikapanga kila mbinu kwa hatua zake: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Vijana waliniita Dokta Kaye, kwa sababu ya kaye yangu, daftari la jalada la bluu ambalo sikumwazima mtu. Nilijifanya kwamba jina hilo linanikera. Kusema kweli, nililipenda.

Aliyenigongesha turubai jioni ile aliitwa Ngabu. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikimbia kwao Fataki wakati wa vita, akiwa mtoto mgongoni mwa mama yake. Shamba lilibaki, na baba yake alibaki humo. Kazi yake ilikuwa kufyatua matofali. Tangu asubuhi alikanyaga udongo kwa miguu, na jioni alikuja kwetu akiwa na koti la kazi lililoshonwa kwa uzi wa gunia, kwa kuwa kimono, vazi la mchezo, hakuwa nacho. Kusoma alisoma kwa shida. Lakini miguu yake, mwanangu! Udongo ulikuwa umeifundisha kabla yetu. Alishika kwa vidole vya miguu kama wewe unavyoshika kwa mikono. Ulipodhani umempita, kisigino chake kilikuwa tayari nyongani mwako, kinakusogeza usikotaka kwenda.

Alikuwa na miezi kumi na nne tu katika mchezo. Alinipindua, akaupata mkono wangu, nikagonga turubai mara mbili, ishara ya kusalimu amri. Sauti moja ikapasuka:

"Dokta Kaye! Ile iko ukurasa gani?"

"Ukurasa ya matofari!" mwingine akadakia.

Walicheka mpaka seremala akachungulia dirishani. Ngabu hakucheka. Alinivuta nisimame akasema polepole, "Pole, Yaya. Mukono yako iliteleza tu." Yaya ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa. Heshima hiyo iliniuma kuliko vicheko vyote.

Wahenga walisema hasidi hana sababu. Mimi nilizitafuta, na nilizipata nyingi.

Mzee Zakaria alikuwa na desturi moja: anayegonga leo, kesho amfundishe aliyemgongesha jambo moja asilolijua. Alisema klabu maskini haina njia nyingine ya kutajirika. Kwa miaka sita desturi hiyo haikunigharimu kitu, kwa kuwa ni wengine waliogonga. Baada ya jioni ile, nilijikuta mwalimu wake karibu kila juma.

Hapo ndipo ikaja habari ya mashindano ya Kampala. Mwalimu mmoja kutoka Nairobi angekuwepo, akitafuta kijana mmoja wa kumchukua, amlaze katika ukumbi wake na kumtayarisha kwa mapambano ya kulipwa. Klabu yetu ingeweza kumpeleka mpiganaji mmoja tu na mtu wa kumsindikiza. Mzee Zakaria alitukalisha juu ya turubai, akasema, "Ngabu njo ataenda," yaani yeye ndiye. Kisha akanigeukia: "Na weye utaenda naye. Weye uko na Kiingereza."

"Ndiyo, Muzee," nikajibu.

Nilipofika nyumbani niliandika katika kaye sababu saba za kwamba mimi ndiye niliyestahili. Nilizisoma tena na tena, na zote saba zilikuwa za kweli. Mwanangu, shika hili: wivu hauhitaji uongo. Unaweza kufanya kazi yake yote kwa hesabu sahihi.

Juma lililofuata Ngabu alinigongesha tena, na kwa desturi aliomba nimfundishe kujinasua mkono unapofungwa, yaani mwenzako ameulaza juu ya nyonga zake na anauvuta uvunjike kiwikoni. Katika kaye yangu jambo hilo lilikuwa na hatua nne. Kwanza unafunga mikono yako miwili pamoja. Pili unainua nyonga. Tatu unaugeuza mkono, kidole gumba kielekee upande unaotaka kwenda, ili kiwiko kisikae tena juu ya nyonga za mwenzako. Nne unazunguka na kutoka. Asiyefanya hatua ya tatu, akizunguka anajivunja mwenyewe. Mwenzake hana haja hata ya kuvuta.

Nilimfundisha ya kwanza, ya pili na ya nne. Ile ya nne nikaiita ya tatu.

"Njo hivi, Yaya?"

"Njo hivyo."

"Mbona iko mwepesi sana?"

"Kitu ya muzuri iko mwepesi."

Ilikuwa nyepesi kwa sababu kila alipozunguka, mimi nilikuwa nalegeza. Majuma matatu nilimfanyisha mazoezi hayo, na majuma matatu nililegeza. Mzee Zakaria alipita, akatutazama, akasema nimekuwa mwalimu mzuri.

Tulipita Mahagi, tukavuka mpaka, tukafika Kampala miili imejaa vumbi. Ngabu alishinda pambano la kwanza, akashinda la pili. La tatu alikutana na kijana mrefu, mtulivu, ambaye katikati ya pambano aliupata mkono wake wa kulia na kuulaza sawasawa. Mimi nilikuwa nimeketi pembeni, hatua nne hivi kutoka kwao. Nilimwona Ngabu akifunga mikono. Nilimwona akiinua nyonga. Nilikuwa na muda wa pumzi moja, na nilichohitaji kusema kilikuwa maneno mawili: geuza kidole.

Sikuyasema. Ningeyasema, angejua kwamba nilikuwa nayajua tangu mwanzo. Hiyo ilikuwa sababu moja. Ya pili ni kwamba moyo wangu ulitaka kuona, nami sitaificha, kwa kuwa nasaha yenye kuficha ni uchafu uleule.

Alizunguka bila woga, kama mtu anayetoka nyumbani kwake. Hakugonga, kwa maana aliamini anatoka. Kiwiko kikalia.

Mwamuzi akaita daktari. Yule mwalimu wa Nairobi alikuja mpaka pale tulipokuwa. Akaniambia kwa Kiingereza nimpe kijana pole yake, na nimwambie kwamba hajawahi kuona miguu kama ile, mkono ukipona amwandikie. Nikamwinamia Ngabu.

"Anasema pole," nikamwambia.

Miguu sikuitafsiri.

Tuliporudi Bunia, Mzee Zakaria alimkalisha Ngabu, mkono ukiwa katika plasta, akamwambia aonyeshe kwa ule mzima alichokuwa anataka kufanya. Ngabu akaonyesha: moja, mbili, tatu. Mzee akaninyooshea mkono. "Leta kaye."

Alivaa miwani, akatafuta ukurasa, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, maandishi yangu mazuri. Alipofika kwenye kidole gumba alisimama, akairudia hatua hiyo mara ya pili. Nilingoja Ngabu anipige, na nadhani nilitaka anipige. Yeye aliuliza tu:

"Kule Kampala, ulikuwa unaona namna mukono yangu inaenda?"

"Nilikuwa naona."

Akachukua koti lake akatoka.

Mzee Zakaria alifunga kaye akaniwekea magotini. "Weye ulijifunza Kiingereza na kamusi," akasema, "maneno kumi kila siku. Kama ile kamusi ingekuwa inakuficha neno moja kila siku, leo ungekuwa wapi?"

Nililitazama jalada la bluu.

"Sitakufukuza," akaendelea. "Mutu wa kufukuzwa anapumuzika. Weye utabaki hapa, kila jioni, batu bakuangalie."

Nilibaki. Vijana waliacha kuniita Dokta Kaye. Waliacha kuniita chochote. Mtenda mabaya hujitenda, nami nilipewa nafasi ya kuisoma methali hiyo kila jioni katika nyuso za watu. Miezi ilipita kabla sijapata ujasiri wa kwenda kule wanakofyatua matofali. Nilimkuta Ngabu amerudi kazini, anakanyaga udongo, mkono wa kulia umepona lakini haunyooki wote. Haunyooki mpaka leo.

"Yule mwalimu wa Nairobi alisema neno lingine," nikamwambia. "Alisema hajaona miguu kama yako. Alisema umwandikie."

Hakuacha kukanyaga. "Alisema lini?"

"Siku ileile."

"Na weye unanileteya leo."

"Ndiyo."

Alikanyaga mzunguko mzima. "Sema kwa Kiingereza, vile alisema yeye."

Nikasema. Akanifanya nirudie mara mbili, mpaka akayashika maneno yenyewe mdomoni mwake. "Haya," akasema. "Enda." Barua hakuniomba mimi kuiandika. Alimtafuta mtu mwingine, na sijapata kumlaumu.

Mwalimu yule alijibu. Ngabu alikwenda Nairobi, akafagia ukumbi, akalala katika ukumbi huohuo, akajenga mchezo wake wote juu ya miguu, kwa kuwa mkono alikuwa hauamini tena. Alichukua medali za dhahabu, baadaye mkanda wa ubingwa, na sasa anapigana kwa kulipwa katika miji ambayo mimi naijua kwa ramani. Chanda chema huvikwa pete. Anapokuja kumwona mama yake hunisalimu kwa jina langu. Yaya hasemi tena.

Leo nina miaka arobaini na mbili. Mzee Zakaria ametangulia, na klabu ameniachia mimi, jambo ambalo bado silielewi vizuri. Ngabu anapopigana, ninyi wanafunzi wangu mnakusanyika juu ya simu moja, mnapiga kelele, nami nasimama nyuma yenu. Anaposhinda, kitu kinanibana chini ya mbavu kabla mikono yangu haijapiga makofi. Kila mara. Nilidhani kitakufa kwa uzee, au kwa toba. Hakikufa. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba chako kitakufa.

Maana nilikuona Jumamosi. Niliposoma jina la mwenzako Furaha kwamba yeye ndiye atakayekwenda kwenye mashindano ya Goma, wenzako walipiga makofi mpaka nikawanyamazisha. Wewe ulipiga mara tatu. Nilihesabu. Kisha ukamwendea, ukatabasamu, ukamwambia utamsaidia kujitayarisha, nami nikalijua lile tabasamu kama ninavyoujua mwandiko wangu.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Wivu ukija, usishangae na usijichukie. Unakuja kwa kila anayetaka kitu kwa nguvu. Ukalishe pembeni. Ila usiupe kazi. Usiuache ufundishe, usiuache utafsiri, usiuache uchague neno lipi lisemwe na lipi libaki mdomoni. Njoo kwangu uniambie waziwazi kwamba unaamini wewe ndiye uliyestahili. Huenda ni kweli, na nitakusikiliza mpaka mwisho. Halafu shuka kwenye turubai na mwenzako. Mfungie mkono kwa nguvu zako zote, na asipougeuza vizuri, usilegeze. Mkatalie kutoka, tena na tena, mpaka atoke kwa haki. Kama bado huwezi kumpenda, huo ndio wema unaoweza kumpa, nao unatosha kumrudisha salama.

Mungu akulindie viungo vyako na vya wote utakaowashika. Akuletee siku yako, hata ikichelewa, na siku hiyo ikifika uweze kumtazama kila mtu uliyefanya naye mazoezi, usilazimike kuinamisha macho mbele ya hata mmoja. Amina.