Gali ya Marehemu

Nilikuwa karakanani kwangu, kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, Busia upande wa Kenya, nikipambana na nati iliyogandamana kwa kutu, simu ilipolia. Nikiwa na nati ya namna hiyo sina subira na mtu. Alikuwa shangazi, dada yake baba, anayekaa Kwapa, kule Tororo, ng'ambo ya mpaka.

"Binti yangu, watu ya chuma chakavu iko hapa. Wachukue gari ya marehemu?"

Mumewe aliacha pikapu mbovu, kuku wanatagia ndani. Kila nikienda humwambia aiondoe.

"Wachukue, shangazi. Hiyo ni kutu tu."

"Haya. Wanafunga kwa pikipiki sasa hivi."

Simu ikakatika. Nikabaki na spana mkononi. Pikapu haifungwi kwenye pikipiki!

Nikampigia tena, hakupokea. Shangazi hakusema gari. Alisema gali, na upande wao gali ni baiskeli. Marehemu aliyemtaja hakuwa mumewe, bali kaka yake. Baba yangu.

Kwa baiskeli ile baba alibeba abiria kuwavusha mpaka, siku ambazo bodaboda ilikuwa bado ni kukanyaga pedali. Alipofariki, shangazi aliichukua, akawa anapelekea mahindi kinuni. Mama hana hata picha ya mumewe. Alichotaka ni baiskeli hiyo tu, na mwaka huu, baada ya kumbembeleza hadi tukachoka, shangazi alikubali kuirudisha mavuno yakiisha. Vipuri nilishavikusanya vyote: dainamo, kiti cha ngozi, na kifuniko cha mnyororo nilichokikuta Molo kikizibia tundu la banda la mbuzi. Mama akitoka kanisani hupita karakanani kuvikagua, kisha huuliza mahindi ya Kwapa yamefikia wapi.

Nilikodi pikipiki, nikapanda na ovaroli yangu yenye grisi. Mpakani foleni haikusogea. Mwanamke mmoja mbele yangu alikuwa akitafuta kitambulisho katika mkoba usio na mwisho, na nusura nimpokonye nimtafutie mwenyewe. Tulipovuka, laini yangu ikapoteza mtandao.

"Ongeza mwendo!" nilimpigia kelele dereva.

"Tulia, madam. Tukianguka hatutafika."

Nilimchukia kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Kwapa nilimkuta shangazi akipepeta mahindi, ametulia kabisa. Pikapu ilikuwa pale pale na kuku wake. Sikumsalimu, Mungu anisamehe. Nilimuuliza tu walikoelekea, akaonyesha njia ya mjini Tororo.

Kwenye yadi ya chuma chakavu nilisikia grainda kabla sijashuka. Nikakimbia nikipiga mayowe, "Zima! Zima!" Kijana aliyeishika hakusikia. Mwenzake ndiye aliyemgusa bega. Cheche zikakoma.

"Si mlikubali?" akauliza yule mwenye grainda, akinishangaa. "Mama ya Kwapa alisema mtoto ya marehemu amekubali."

Fremu ilikuwa imekatwa vipande viwili.

Nilivirudisha vyote nimevikumbatia, na njia nzima nilikuwa nikijipangia maneno. Chuma kinachomewa. Fundi mzuri hataacha hata alama. Lakini mama alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, na nilivyomwona nikajua shangazi ameshampigia simu.

Alipokea kipande kimoja, akapitisha kidole pale kilipokatwa.

"Ni wewe uliyesema wachukue?"

"Mama, nilisikia gari. Shangazi alisema gali, mimi nikasikia gari."

Mama amezaliwa Masaba, upande wa pili wa mpaka. Maisha yangu yote sijawahi kumsikia akiiita baiskeli kwa jina lingine ila gali.

"Hivi vyote umevitafuta kwa ajili yake," alisema, akitazama vipuri ukutani, "na jina lake hukulijua?"

Akaondoka na kile kipande. Mpaka leo kiko chumbani kwake, na hajaniruhusu nikichomee.