Skafu Iliyozidi Kupanuka

Jumanne nilipanga foleni kwenye zahanati moja ya Dandora, kando ya mlinzi mwenye sare za kazi aliyekuwa akifuma skafu. Uzi wake ulikuwa mnene kama kamba, ameufumua kutoka kwa sweta ya mtumba ya soko la Gikomba. Skafu ilianza nyembamba, lakini sasa ilimfunika magoti yote mawili.

Mama aliyeketi upande wake wa pili alishindwa kunyamaza. “Baba, kila ukigeuza unaongeza kitanzi. Nani alikufunza?”

“Mamangu, kwa simu.”

Mlinzi akaitwa kwa daktari, akamwachia yule mama skafu amshikie. Vidole vikamwasha mama, akafuma mistari miwili iliyonyooka kama rula.

Mlinzi aliporudi aliipapasa, akaifumua ile miwili tu.

“Nilikuwa nakurekebishia.”

“Najua, mathe. Lakini mamangu haoni siku hizi. Ataipima kwa vidole, na atajua mahali ambapo si mimi.”

Mama akasogea karibu. “Haya, fuma nikutazame.”

Zamu yangu ilipofika, nilimwambia aliyenifuata apite kwanza. Nilitaka kuona ile skafu itafika upana gani.