Ukuta wa Uwele

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hadi leo viganja vinaniwasha. Nilikuwa nimeolewa miezi mitatu tu, naishi kwa wakwe zangu kijiji kimoja mbele ya Makutupora, na nimepewa kazi ya kusiriba ukuta wa mbele wa nyumba kwa udongo na samadi. Wageni walikuwa waje kumposa wifi yangu, kwa hiyo nyumba ilitakiwa ipendeze.

Nilisiriba vizuri. Sijisifu, nasema kweli. Lakini nilipomaliza nikautazama ule ukuta ulivyo mtupu, nikashindwa kuondoka. Nikazamisha vidole vinne kwenye udongo mbichi nikaburuta, ikatokea mistari minne inayokwenda pamoja, imepinda kama uwele unaopigwa na upepo. Nikaongeza mingine. Nikaweka masuke kwa kidole gumba. Jua lilipofika utosini, shamba zima lilikuwa limeota ukutani na mimi nacheka peke yangu kama mwehu.

Mama mkwe akatoka ndani. Akatazama juu, akatazama chini.

"Nani kakwambia nyumba yangu inahitaji upele?" akauliza. "Futa."

Nikafuta. Nililowesha kiganja kwa maji nikalainisha ukuta wote, kuanzia mlangoni mpaka pembeni, kwa mkono uleule uliochora. Yeye hakugusa hata tone la tope. Alisimama tu mikono kiunoni mpaka nikamaliza.

Miaka ikaenda, akazeeka, mimi ndiye nikawa wa kumlisha uji. Asubuhi moja akanitazama, akacheka kwa kinywa kisicho na meno. "Ule ukuta wako ulikuwa mzuri," akasema. "Mimi ningekuwa wewe, ningegoma."

Mwanangu, nusura nimmwagie uji! Nilinuna wiki nzima. Baadaye ndipo nikaona kwamba hasira yangu haikuwa juu yake. Yeye alitoa amri, basi. Aliyefuta ni mimi.

Sasa usinichoke, nakuja kwenye jambo lenyewe. Siku hizi naishi mjini, Ipagala, kwa Yona, kitinda mimba wangu. Ni mtu wa ofisini, kola yake haijui mkunjo. Binti yake Merina yuko kidato cha nne, na Yona alimnunulia simu janja ya kusomea. Merina akaingiza humo programu ya kuchorea, ikawa kila akitoka shule yuko uani, kichwa kimeinama, kidole kinatembea kwenye kioo.

Mwanzoni nilimkejeli. Nikamwambia hiyo siyo kuchora, hiyo ni kufuta vumbi. Akanipa simu. "Jaribu, bibi. Kinatumika kidole tu."

Kidole tu! Hapo akanipata. Nikapitisha mstari wangu uliopinda, na ile programu ikaunyoosha. Nikaupinda tena, ikaunyoosha tena.

"We! Nani kakutuma?" nikaifokea. "Umetumwa na mama mkwe?"

Merina alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaingia kwenye mipangilio, akazima hicho kinachonyoosha mistari. Mstari wangu ukabaki umepinda, kama nilivyotaka mwenyewe.

Rangi zao nazo nilizikataa. Zilikuwa za pipi, zinaumiza macho. Merina akanionyesha kwamba ukipiga picha ya kitu, unaigusa ile picha na rangi yake inakuwa yako, unachorea. Ee Mungu wangu! Tulipiga picha udongo wa uani, jivu la jikoni, maganda ya zabibu, kanga yangu iliyopauka, hata kuku wa jirani. Nikamsimulia ule ukuta, naye akaanza kuuchora kwa udongo wetu wenyewe. Ilimchukua siku tano, mimi pembeni namsumbua, suke hili limenyooka mno, pale upepo umekata. Alipomaliza akanipa niangalie. Nililia, sikufichi. Sikuwa nimeuona ukuta wangu tangu siku niliyoufuta.

Basi ikafika Jumamosi. Fundi Rajabu, Mrangi wa Kondoa, alikuwa anapiga lipu ukuta wa uzio, upande wa barabarani. Yona akarudi kutoka kikao cha wazazi shuleni, uso umevimba. Alama za hisabati za Merina zilikuwa zimeshuka. Sikumlaumu kwa kuogopa. Yeye alisoma kwa koroboi, na anajua alikotoka. Lakini akamkuta mtoto anachora, akawaka.

"Simu nilinunua ya masomo," akasema. "Michoro yote, futa. Sasa hivi, mbele yangu."

Kazi yake ya mwaka mzima ilikuwa humo, na hapakuwa na nakala kwingine. Merina hakubisha. Machozi yanamdondoka, akaanza kuichagua mmoja mmoja, kidole kikasogea kwenye kile kipipa cha taka. Mwanangu, niliona kiganja changu.

"Merina, weka simu mezani," nikasema. "Yona, wewe ni baba yake, una haki ya kukasirika. Lakini ukitaka ifutwe, futa mwenyewe."

"Mama, tafadhali usiingilie."

"Nimeshaingia. Futa."

Nilidhani atasita. Hakusita. Akaichukua simu, akabonyeza, michoro yote ikaenda, na ukuta wangu ukafutwa mara ya pili. Akairudisha mezani, akaingia ndani. Merina akaniangukia mapajani, analia kwa sauti. Mimi nilikuwa nimewaka hasira, sikufichi hilo pia.

Nikamwinua. Tukatoka hadi barabarani. Fundi Rajabu ndiyo kwanza amemaliza kulainisha kipande cha karibu na geti.

"Fundi, hapa pabichi?"

"Pabichi sana, bi mkubwa. Usiguse."

Nikazamisha vidole vinne. Saruji ni kali kuliko udongo, inakwaruza, lakini ilikubali. Nikaburuta, nikapinda, nikaburuta. Nilishangaa mkono ulivyokuwa unakumbuka. Merina alisimama mdomo wazi.

"Unangoja nini?" nikamwambia. "Anzia kule, kabla haijakauka."

Tulichora mpaka majirani wakasimama. Kijana wa bajaji akazima injini aone. Yona akatoka kwa kelele zile, akashika kichwa.

"Mama! Ukuta wangu! Fundi, pitisha mwiko hapo, haraka!"

Rajabu akatazama ukuta, akanitazama mimi na vidole vyangu vilivyochubuka.

"Wallahi, bosi, kazi yako naiheshimu," akasema. "Lakini aliyechora ni mzazi wako. Mwiko huu hapa. Pitisha mwenyewe."

Yona akaupokea. Akasogea ukutani. Mimi sikusogea, na Merina naye hakusogea. Alisimama kando yangu, saruji mpaka viwikoni, machozi yamekauka. Yona akasimama na ule mwiko, akimtazama binti yake kwa muda mrefu. Kisha akauliza polepole, "Huu ni uwele?"

"Ni uwele," nikamwambia. "Ulikuwa kwenye ukuta wa nyumba ulimozaliwa. Niliufuta kabla hujazaliwa."

Akamrudishia fundi mwiko wake, akaingia ndani kubadilisha shati. Saruji ikakauka.

Mpaka leo ukipanda bajaji kuja kwetu, sema tu akushushe kwenye ukuta wa uwele. Yona mwenyewe ndivyo anavyowaelekeza wageni wake, bila hata kuona haya. Merina aliupiga picha ukuta huo, akauingiza kwenye programu yake, akaanza upya kuchora juu yake. Hisabati anahangaika nayo kila jioni, nami namsimamia, maana sikumtetea ili awe mvivu.

Sikufundishi utovu wa adabu, mwanangu. Wakubwa waamkie shikamoo, kaa nao, wasikilize hadi mwisho, kazi ya shule fanya. Lakini kile ulichokitoa moyoni mwako, kiwe ukutani au ndani ya simu, usikifute kwa sababu mtu kasimama mikono kiunoni. Akitaka kifutwe, mpe mwiko ashike yeye. Atashindwa, au ataweza. Akiweza, wewe mkono wako bado uko safi, na mkono safi huanza tena siku hiyohiyo. Mimi nilifuta mwenyewe, nikakaa zaidi ya miaka hamsini bila kuchora mstari mmoja.

Mungu akulindie vidole vyako. Akupe wa kusimama nawe hasira za wakubwa zikipanda, na kila watakapokufutia, akukutanishe na ukuta ambao bado ni mbichi.