Hadithi kwa Wanaosukwa Tu

Mawimbi ya televisheni yalipokatika mtaa mzima, wanaume walipanda mapaani. Kila mmoja akajifanya fundi wa madishi. Huyu anasukuma dishi lake kulia, mkewe dirishani anamwambia bado, analirudisha kushoto, bado. Mwingine yuko ndani anakipuliza king'amuzi kana kwamba ni uji wa moto. Kampuni ikatuma ujumbe kwamba setilaiti imepata hitilafu, wateja wawe na subira. Subira gani, wakati tamthilia ilikuwa imefika patamu? Dishi la saluni yetu peke yake halikuguswa, kwa sababu mwanamume wa kwanza kuleta ngazi aliambiwa na dada yangu, "Panda, ila kushuka utajua mwenyewe."

Dada yangu ni msusi. Mimi nasuka naye, kiti cha pili. Yeye ana mikono, mimi nina mdomo. Dada ni mjane. Shemeji alizidiwa ghafla jioni moja wakiwa wawili tu nyumbani, dada akakimbia barabarani kutafuta gari, na aliporudi nalo mtu alikuwa ameshakata roho. Siku ya mazishi, kaburi halijafukiwa, dada wa marehemu akasimama mbele za watu akamnyooshea kidole mjane. "Huyu alimwacha kaka yangu afe peke yake, kama mtu asiye na kwao." Watu wakaguna, na tangu siku hiyo wapo waliompita dada njiani bila salamu. Huyo wifi yake ndiye tunayemwita Mama Rimoti, maana rimoti ya nyumba ile hata mumewe haishiki.

Nilimwambia dada aachane naye. Akanijibu, "Alinichafua mbele za watu. Atanisafisha mbele za watu." Hakutaka kingine, na mimi nilikuwa upande wake kwa roho yangu yote.

Sasa, dada ana rafiki katika mji wa mbali ambako televisheni hupita kwenye waya, si hewani. Kila asubuhi alimpigia simu, akapewa sehemu ya jana yote, nasi tukasimuliwa saluni huku mikono inafanya kazi. Dada anajua kusimulia. Akifika penye kilio anakuvuta nywele kidogo ili ulie kweli. Tamthilia yenyewe ilihusu mjane aliyefukuzwa na dada wa marehemu, katili mmoja tuliyembatiza Wigi, kwa hiyo unaona mwenyewe kwa nini tuliipenda.

Wateja wakajaa. Mke wa kinyozi alisukwa, akafumua, akarudi kusukwa. Mama Rimoti naye akaanza kupitapita dirishani, mara anauliza bei ya uzi, mara anajifanya kupokea simu, sikio liko kwetu. Dada akasema bila kugeuka, "Hadithi ni ya wanaosukwa. Asiyesukwa apite." Kesho yake tulipofungua tu, Mama Rimoti huyo, pakiti ya nywele za rasta mkononi, haya hana. "Nisuke nyembamba, wifi." Nyembamba ni kazi ya kutwa. Dada akanikonyeza kwenye kioo.

Siku hiyo rafiki hakupigiwa simu. Dada alijitungia. Wigi akaanza kuwashwa mwili mzima, akajikuna mpaka kucha zikang'oka. Mumewe akahamia kwa mwanamke asiyependa televisheni. Wigi akiwa harusini, meno ya mbele yakamdondoka ndani ya glasi ya soda. Mke wa kinyozi alicheka akashika mbavu, nami nikamvuruga mistari mwalimu wa chekechea niliyekuwa namsuka. Wote tulijua Wigi ni nani. Mama Rimoti alikaa na uso mkavu, akauliza tu, "Yote haya katika sehemu moja?"

"Ilikuwa ndefu," dada akasema.

Alasiri upande mmoja wa kichwa ulikuwa umekwisha, wa pili nywele zimesimama zinangoja. Hapo dada akashusha sauti. Wigi, akasema, alikwenda kwa mjane akapiga magoti majirani wakiona. "Akamwambia, wifi, nilikusingizia kaburini. Naomba..." Mikono ikasimama.

"Anaomba nini?" Mama Rimoti akauliza.

"Sijui. Hajamaliza kusema."

Walitazamana kwenye kioo. Midomo ya Mama Rimoti ikaanza kutikisika, na naapa alikuwa anataka kusema. Wakati huo huo televisheni, ambayo kutwa ilituonyesha maandishi tu, ikapata picha. Dishi letu hakuna aliyelichokonoa, ndiyo maana lilikuwa la kwanza. Na Wigi huyo, mzima wa afya, meno yote kinywani, anakata keki.

Mama Rimoti akashusha pumzi, akacheka. "Kumbe hajambo. Hata kikohozi hana."

Dada akachomoa waya ukutani. Wanawake wale walikuwa wameililia tamthilia siku zote hizo. Mke wa kinyozi akafungua mdomo, nikamkata jicho, akaufunga.

"Wigi ni mzima," dada akasema. "Mimi ndiye sijapona. Sema, wifi, au inuka uende hivyo hivyo."

Mama Rimoti akagusa zile nywele zilizosimama. Nilidhani atatukana. Badala yake akainamia miguu yake. "Alinipigia," akasema.

"Nani?"

"Kaka. Jioni ile, ulipotoka kutafuta gari. Gari la mume wangu lilikuwa uani. Nilikuwa natazama tamthilia, nikaona jina lake, nikaigeuza simu kifudifudi. Akapiga tena. Nikasema sehemu hii ikiisha nitampigia." Akainua macho kwenye kioo. "Hukumwacha wewe. Nilimwacha mimi."

Kitana kilimponyoka dada. Alitaka aombwe radhi kwa uongo wa kaburini. Hili hakulijua, wala mimi. Nikangoja ampige, na ningemshikia. Lakini aliokota kitana, akakipangusa kwenye nguo yake.

"Sijasikia," akasema. "Kaburini ulisema kwa sauti."

Mama Rimoti akarudia. Dada akafungua mlango wa barabarani, akamtaka arudie tena, naye akarudia huku analia, mpaka muuza mkaa aliyekuwa ng'ambo ya barabara akasimamisha baiskeli yake. Sikumhurumia. Sitajisingizia wema ambao sikuwa nao.

"Haya, inuka."

"Hujamaliza, wifi."

"Nimemaliza."

Alitoka mbio, hata kitambaa chake cha kichwa akakisahau. Mke wa kinyozi akachomeka waya taratibu, picha ikarudi, na hakuna aliyeitazama. Sote tulikuwa dirishani. Mama Rimoti alikwenda katikati ya barabara, kiganja kimefunika upande usiosukwa, na juu ya mapaa wanaume waliokuwa bado wanahangaika na madishi waliyoyapotosha wenyewe wakaacha kazi, wakageuka.

Dada hakuja dirishani. Alikuwa amekaa kwenye kiti alichokiacha Mama Rimoti, mikono mapajani.

"Wanamwangalia?" akaniuliza.

"Wanamwangalia."

"Wote?"

"Wote, dada."