Shimo la Tatu la Kiwanda cha Ngozi

Velaphi Mthembu alikuwa amepoteza pua. Pua yenyewe ilikuwepo, tena kubwa ya kutosha. Alichopoteza ni kunusa. Miaka ishirini na sita ya kuloweka ngozi za ng'ombe katikati ya mji wa Pietermaritzburg ilikuwa imeiua hisi hiyo, na marehemu mkewe alizoea kumcheka kwamba nyumba ingeungua yeye akiwa ameketi anasubiri chai. Kiwanda kilipofungwa aliondoka na kikohozi, pensheni kiduchu, na neno moja ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

Sasa baraza la mji lilitaka kujenga zahanati na nyumba za kupangisha pale pale. Lakini ardhi iliyokunywa dawa za ngozi miaka sitini haijengwi hivi hivi, sharti ipimwe kwanza. Mpimaji alikuwa binti wa Kihindi wa humo humo mjini, Kamini Pillay, mwenye buti zito na mdomo usiopoa. Ramani za kiwanda zilikuwa zimepotea nusu nzima, akawa anatafuta wazee waliofanya kazi humo. Aliyebaki hai na mwenye magoti yanayokubali kutembea alikuwa Velaphi peke yake.

"Baba Mthembu, wewe ndiye ramani yangu," alimwambia. "Nikukunje nikutie mfukoni?"

"Mimi nimeshakunjika zamani, mwanangu. Kazi ni kukunjuka."

Siku mbili walizunguka kwenye magugu. Hapa ngozi zilinyonyolewa manyoya kwa chokaa. Hapa yalisimama mapipa ya dawa. Kamini alipigilia vigingi vyekundu, na nyuma yao mtambo ulitoboa ardhi, udongo ukatiwa kwenye chupa zenye namba.

"Mashimo ya maji machafu ninayo mawili," Kamini alisema. "Ni hayo tu, siyo?"

"Hayo tu," alijibu Velaphi. Mdomo wake ulikuwa umeuzoea uongo huo, haukutetemeka hata kidogo.

Yalikuwa matatu.

Mwaka 1987 Hlalanathi Zondi, rafiki yake tangu walipokuwa wakichunga ng'ombe, aliteremka katika shimo la tatu kuzibua bomba. Gesi ya matope yale haipigi hodi. Velaphi, aliyekuwa juu, alimwona akipiga magoti kama mtu aliyeangusha sarafu, kisha akalala kifudifudi. Walipomtoa kwa kulabu alikuwa amekwisha. Msimamizi akaamuru abebwe hadi langoni, na kila mmoja aseme kwamba ameanguka pale, moyo umesimama. Atakayesema vingine asirudi kesho. Wiki hiyo hiyo shimo likafukiwa.

Na aliyetumwa kwa mjane alikuwa Velaphi.

Ndugu wa marehemu walikuja na tawi la umphafa, ule mti wa miiba, kuichukua roho ya mtu wao. Aliyefia mbali huitwa mahali hasa pumzi ilipomtoka. Akiitiwa pengine, hasikii. Baba mdogo wa marehemu aliuliza ni wapi. Velaphi alivua kofia, akanyoosha kidole langoni. "Hapa," alisema. Wakalilaza tawi, wakamwita kwa jina la ukoo: "Nondaba, twende nyumbani." Velaphi alisimama pale pale akisikiliza wakiita mahali patupu.

Mjane hakuolewa tena. Wote walimwita MaKhoza, kwa ukoo wa baba yake. Kila walipokutana kanisani, alimwita Velaphi kwa jina la ukoo wake na kumwambia neno lile lile: "Mvelase, rafiki yako hajanijia ndotoni hata siku moja. Wenzangu waume zao huwajia."

"Atakuja tu, MaKhoza," Velaphi alijibu kila mara. Mungu ndiye ajuaye alivyokuwa akimeza chakula siku hizo.

Siku ya tatu Kamini alitandaza mchoro mpya juu ya boneti ya gari. "Hapa panakuwa wodi ya watoto wachanga. Kwa kuwa hakuna shimo, hatutoboi. Tunamwaga zege moja kwa moja."

"Zege la namna gani?"

"Nene hivi. Halifunguliwi tena mpaka kiyama. Tia sahihi, baba, kwamba ulichonionyesha ndicho chote."

Velaphi alishika kalamu. Aliwaona watoto wachanga wamelazwa juu ya uchafu ule, na chini yao roho ya Hlalanathi, imefunikwa, bila njia ya kutokea. Aliirudisha kalamu.

"Toboa hapo kwenye wodi yako."

"Si ulisema mawili?"

"Nilisema uongo. Toboa."

Mita ya nne ikatoa matope ya kijani mazito. Vijana wa mtambo waliziba pua kwa viwiko, mmoja akatapika. Velaphi peke yake alisimama karibu, hanusi kitu, machozi yakimtiririka.

"Rudi nyuma, baba, gesi inakuumiza macho."

"Si gesi, mwanangu," alisema, akamweleza yote.

Kamini aliwapungia vijana wazime mtambo. Alisema, "Nawazuia wachimbaji mpaka Jumamosi. Zaidi ya hapo siwezi."

Ijumaa Velaphi alimkuta MaKhoza jikoni akimenya magimbi. Alikaribishwa kiti, akakataa, akayasema akiwa amesimama mlangoni. Kisu hakikusita.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, MaKhoza."

"Nenda."

Jumamosi asubuhi MaKhoza alifika kiwandani na mwanawe Langelihle, aliyekuwa tumboni baba yake alipofariki. Langelihle alibeba tawi. Kamini hakuruhusu mtu kuvuka utepe bila vazi jeupe la plastiki na barakoa.

"Mume wangu atanitambuaje nikiwa hivi?" MaKhoza aliuliza.

"Kwa sauti, mama," alisema Kamini, akamfunga zipu taratibu.

Langelihle alipotaka kuita, mama yake alimshika mkono. "Ngoja. Aliyempeleka langoni ndiye aanze. Haya, Mvelase, mwambie."

Velaphi alivua kofia. 

"Nondaba, ni mimi. Pale langoni hapakuwa pako, na nilijua. Niliwaonyesha kwa kidole changu mwenyewe kwa sababu niliogopa kukosa kazi. Ulifia hapa. Usinisamehe kama huwezi, lakini usikae hapa kwa ajili yangu. Huyu ni mwanao, hukumwona. Nenda naye."

Langelihle alililaza tawi kwenye matope. "Baba," alisema, neno ambalo maisha yake yote hakuwa na mtu wa kumwita kwalo, "twende nyumbani." Akaliinua, akaondoka bila kugeuka nyuma.

MaKhoza alibaki. Alishusha barakoa, ingawa Kamini alimpungia mkono asifanye hivyo.

"Asubuhi ile tuligombana," alisema. "Kitu cha kipuuzi. Aliingia ndani na viatu vya tope, nilikuwa nimetoka kupiga deki. Nilimwambia aende zake na asirudi kwangu."

Velaphi hakuthubutu kumtazama.

"Miaka thelathini na sita, Velaphi. Nilidhani amenitii."

Akapandisha barakoa, akamfuata mwanawe.