Mama Aliyeshtakiwa Dunguni

Kosa nitakalolieleza hapa huvaa sura ya busara, ndiyo maana hudumu: ni kosa la kumtafutia mama hatia kila mtoto anapozaliwa na tabia isiyofanana na ya wenzake. Nimelikuta katika mazungumzo ya wasomi na katika mawaidha ya watu wema, lakini mara ya kwanza nililikuta bondeni, nikiwa na umri wa miaka tisa, katika harufu ya mpunga unaoanza kujaza maziwa. Aliyeinusa harufu hiyo haisahau. Hupanda alfajiri pamoja na mvuke wa tope la Rufiji, ina utamu wa uji usiotiwa sukari, na sisi watoto wa Mkongo tulipoisikia tulijua kwamba nyumba zetu za juu zitafungwa, na kuku, mikeka, vyungu na juzuu zetu vitahamia mashambani hadi mavuno yaishe.

Huko tuliishi katika madungu, vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya nguzo ndefu ili maji na nguruwe vipite chini. Kutoka kila dungu kamba zilitawanyika shambani, zikiwa zimefungwa madebe matupu, na kazi ya watoto ilikuwa kuamia: kukaa juu kutwa nzima, kuvuta kamba na kupiga kelele ndege walipotua juu ya masuke. Wenzangu waliiweza kazi hiyo. Mimi neno "kukaa" lilinishinda. Nikitumwa chumvi dungu la jirani nilirudi na kinyonga begani, na chumvi nimeisahau. Chuoni maalimu alinikalisha mlangoni, akisema afadhali nitoke bila kuwakanyaga wenzangu. Fimbo nilichapwa, hirizi nilivishwa, na maji ya kombe, yaliyooshewa aya zilizoandikwa sahanini, nilinyweshwa mpaka nikaizoea ladha ya wino wake. Nilitamani kwa dhati kutulia, kama mtoto mwingine anavyotamani viatu.

Ukoo wa baba ulikuwa na jibu lake. Kwetu mjamzito hula ameketi, mkekani, akiwa ametulia. Akila huku anatembea, mtoto atazaliwa na miguu isiyojua kikomo. Mama yangu, aliyeolewa kutoka milima ya Umatumbi, alionekana na mimba yangu akitafuna muhogo njiani kutoka kisimani. Ushahidi ukawa umekamilika, na kwa miaka tisa kila nilichokivunja kiliandikwa kwa jina lake.

Msimu huo kundi kubwa la ndege lilitua katika shamba letu. Nililikimbiza kwa mbio na mayowe hadi mpakani, nikavuka shamba la jirani, kisha la pili, nikasahau kabisa nilikotoka. Nyuma yangu kundi jingine lilishuka kwa raha zake. Niliporudi, upande mzima wa shamba ulikuwa umebaki makapi. Asubuhi iliyofuata baba mkubwa, kaka yake baba na msemaji wa ukoo, alipanda ngazi ya dungu letu na kuita kikao. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyewahi kulitilia shaka jibu lake, na hilo hutosha kuleta madhara.

"Shemeji, tumekuvumilia," alimwambia mama. "Ulionywa ukaziba masikio. Tazama sasa ulichotuletea: mtoto hana breki."

"Nilikuwa na njaa, shemeji," mama alijibu akiutazama mkeka, "na kazi ilikuwa haijaisha."

"Basi utarudi kwenu milimani ukapumzike. Mtoto atabaki. Tutamnyoosha wenyewe."

Mama alinivuta ubavuni pake, akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu iliyoniumiza. Hakulia. Nilielewa kwamba naweza kumpoteza siku hiyo hiyo, kwa sababu ya miguu yangu, na kwa mara ya kwanza maishani nilikaa kimya bila kuambiwa.

Chini ya dungu, shangazi yangu, dada mkubwa wa baba na wa baba mkubwa, alikuwa akitwanga pepeta, mpunga mbichi uliokaangwa, ambao ndio halua ya msimu. Mchi ukanyamaza.

"Nyie huko juu! Mnamhukumu mtoto, baba yake yuko wapi?"

Tukageuka. Mahali pa baba palikuwa patupu. Katika kikao cha kumrudisha mkewe kwao, alikwisha kuinuka kukaza kamba, akarudi, akainuka kutikisa debe, akarudi, na sasa alikuwa katikati ya shamba akilivisha upya shati sanamu la kutishia ndege, kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Mtu mmoja akaguna. Shangazi akapanda ngazi, pumba zimemjaa mikononi, akasimama mbele ya baba mkubwa.

"Huyo mdogo wako alipokuwa mtoto, mama alimfunga kanga kiunoni na ncha nyingine nguzoni, asije akaporomoka. Umesahau?"

"Sijasahau, dada, lakini..."

"Na mimba yake mama aliilalia mkekani, miguu imevimba kama mitungi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha kwa mkono huu. Niambie, mama alikula akitembea saa ngapi?"

"Dada, mambo ya wakubwa haya."

"Mkubwa hapa nani? Nakuuliza, alitembea saa ngapi?"

Baba mkubwa akatazama huku na huku. "Hakutembea," akasema.

"Na marehemu baba yetu? Si ndiye aliyekuwa akianza kujenga nyumba, haijapata paa, keshachimba msingi wa nyingine? Naye mama yake alitafuna muhogo njia gani? Mtoto huyu ni wetu tangu utosini. Mwacheni mke wa watu apumue."

Dungu zima likacheka, na kicheko hicho kiliibomoa hukumu kuliko hoja yoyote. Baba akatokeza kichwa ngazini, jasho likimtiririka, akauliza kikao kimefikia wapi. "Kimefika kwako," shangazi akamjibu. Alipoelezwa, baba alimtazama mama, kisha kaka yake. "Mke wangu haendi popote," akasema, na yeye asiyemaliza jambo alilimaliza hilo. Shangazi akaamuru niondolewe kwenye kamba, nipewe teo la kurushia mawe, na mipaka yote ya mashamba yetu niizunguke nitakavyo. Nilikimbia msimu mzima kwa ruhusa. Majirani walikuja kuniazima. Na siku ya kwanza ya mavuno mama yangu alishuka ngazi, akalipita kundi la mashemeji kichwa juu, akila pepeta huku akitembea.

Leo naishi Kibiti, na binti yangu wa pili hawezi kumaliza ukurasa bila kuinuka. Wapo waliomweleza mke wangu sababu: simu, sukari, kazi yake ya ofisini. Daktari wa watoto, baada ya kumchunguza na kuwasikiliza walimu, aliuliza swali moja lililonifanya nicheke kwa sauti: "Katika ukoo wenu, nani mwingine yuko hivi?" Akaeleza kwamba hali hii ya kukosa utulivu na umakini kupita kiasi mara nyingi hutembea katika ukoo, kwamba vinasaba vingi huchangia, kila kimoja kidogo, wala hakuna kimoja kinachoamua peke yake, kwamba mengine, kama kuzaliwa njiti, yanaweza kuongeza uwezekano, kwamba ndugu mmoja huweza kuipata na mwingine asiipate. Malezi humsaidia sana mtoto, lakini hayakuizaa hali hiyo. Sasa binti yangu hukaa dawati la mbele, hupewa kazi fupi fupi, hufuta ubao kila anapozidiwa, na muhula huu amesoma kitabu kizima, akanisimulia chote akiwa amesimama kwa mguu mmoja.

Tumepata hospitali, shahada na maneno mapya, na bado mtoto akitukutika tunauliza mama yake ni nani. Hilo ni aibu yetu, maana zamani zile, bila maabara wala kitabu, palikuwa na mtu aliyethubutu kuwageuza watu wautazame ukoo wake mwenyewe. Mama yangu alizeeka nyumbani kwake, kati ya watoto wake. Aliyemwokoa aliitwa Mwajuma binti Athumani.