Mke wangu alipoulizwa jina langu bandarini

Wakuu wa ukurasa huu, salaam, na shikamoo kwa wanaostahiki.

Visa vyenu nimevisoma siku nyingi nikinyamaza. Leo natoa changu, na naapa sitii chumvi, ingawa majirani zangu wa Kinondoni watasema kwangu hilo ni gumu.

Mie ni Yunusi, mchoma chokaa. Shule niliishia darasa la pili, lakini ukiona nyumba nyeupe huku kwetu, uliza chokaa yake ya nani. Jina langu liko juu ya mlango wangu kwa rangi nyekundu.

Zamani nilikuwa mpishi wa melini, nikaoa kisiwani Ngazija, Komoro. Nilipojenga, nikasema sasa mke wangu Zainabu aje. Kule wanatawala Wafaransa, huku Waingereza, kwa hiyo mume lazima atie sahihi ya udhamini kwamba atamlisha na kumlaza. Nikatia. Sahihi yangu nzuri kuliko ya makarani wengi.

Siku ya meli nilifika alfajiri. Nikakaa, nikasimama, nikakaa tena. Kanzu ikalowa jasho.

Wadhamini tuliwekwa nyuma ya uzio wa mbao. Tukaambiwa mgeni ajibu mwenyewe, ijulikane kama ndoa ni ya kweli. Mdhamini akifungua mdomo, mtu wake anarudi na meli ile ile.

Mie kunyamaza, wakuu. Fikirieni.

Zainabu akaitwa. Karani, mtu wa bara aliyefunga tai, akamuuliza, "Mama, mumeo anaitwa nani?"

Zainabu akainama, akatazama miguu yake.

Wa pwani mmeshaelewa. Mke aliyefundwa hatamki jina la mumewe. Humwita bwana, au baba fulani, na sie bado hatujajaliwa mtoto.

"Humjui mumeo?"

"Namjua."

"Basi mtaje."

"Hatajwi."

Jirani yangu Saidi, aliyekuja kumpokea mamaye, akaninong'oneza: "Bwana Chokaa, ungekuja na ule mlango wako."

Nikamkanyaga mguu.

Zainabu akawaza, kisha akasema, "Ana jina la mtume aliyemezwa na samaki."

Nikashusha pumzi. Karani naye akatabasamu, maana huyo hata kanisani kwao wanamjua.

"Yona," akasema. Akatazama karatasi, tabasamu likamtoka. "Hapa hakuna Yona. Mama, kaa kule na wanaorudi."

Nilibana ule uzio hata kibanzi kikaniingia kidoleni.

Zainabu hakwenda kukaa. Alijifunika uso kwa shiromani yake, akasema humo ndani ya kitambaa, kama anayeomba radhi:

"Yunusi."

Wateja na wapagazi huniita kwa ukelele kutwa nzima. Namna ile sikuwahi kuitwa.

Muhuri ukagongwa.

Njia nzima alilia kwamba amenivunjia heshima mbele za watu. Tulipofika nyumbani akatazama juu ya mlango, akauliza pale pameandikwa nini. Nikamwambia ni jina langu.

Akafuta machozi. "Kumbe lipo. Si wangekuja kusoma hapa, mie nikasalimika?"

Basi wakuu, unayemdhamini mkeo, mwambie mapema kwamba jina lako ataulizwa. Alizoee hata kwa kuuambia ukuta.

Wangu hajalitaja tena. Nami simwombi, ila akiwa peke yake jikoni, mara nyingine nasimama mlangoni nikisikiliza.

Nyie mliopita pale bandarini, wake zenu walijibuje? Hasa ambao majina yenu si ya mitume.